Nani Atamwona Mdudu Kwanza?

Mwanzoni mwa Agosti 2008, mkazi mmoja wa mtaa wa Greendale, mjini Worcester katika jimbo la Massachusetts, Marekani, aliwaona wadudu wageni uani kwake. Walikuwa weusi wa kung'aa, wenye madoa meupe mgongoni, na vipapasio vyao vyenye mistari myeusi na myeupe vilikuwa virefu kuliko mwili. Hakuwapuuza. Alitafuta kujua ni wadudu gani, akatoa taarifa, na wataalamu wa serikali wakafika. Walimkuta mbawakawa wa Asia mwenye vipapasio virefu, mdudu wa asili ya China na Korea ambaye mabuu yake hula mti hai kwa ndani mpaka ufe.

Uchunguzi ulipoendelea, habari zikawa mbaya zaidi. Mdudu huyo alikuwa ameishi Worcester kwa zaidi ya miaka 10 bila kutambuliwa. Mji wenyewe ulikuwa umemtandikia mkeka. Kimbunga cha mwaka 1953 kiliangusha miti mingi, na wakazi wakapanda mipya, mingi yake ikiwa mepo, ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada na ambao mbawakawa huyu anaupenda sana. Zaidi ya miti 30,000 ilibidi ikatwe na kusagwa. Mitaa iliyokuwa na kivuli kwa nusu karne ikabaki peupe.

Julai 2010 mdudu yuleyule aligunduliwa Boston, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Worcester. Alikuwa kwenye miti ya mepo katika viwanja vya Hospitali ya Faulkner, mkabala na Arnold Arboretum, bustani kubwa ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard. Hapo Boston, watunza bustani walimwona mapema. Miti iliyokutwa na mdudu ilikuwa sita tu. Iliondolewa, eneo zima likachunguzwa mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2014 serikali ikatangaza kwamba Boston imemshinda.

Mdudu alikuwa mmoja, jimbo moja, wataalamu walewale. Kilichotofautiana ni muda uliopita tangu mdudu aingie hadi mtu amwone na kusema. Kazi ya kuufupisha muda huo ndiyo iliyozaa mafunzo yanayoendeshwa leo katika nchi kadhaa, ambapo wastaafu, walimu, wakata miti, wapanda milima na watunza bustani wanafundishwa kuwatambua wadudu vamizi wa misitu na kutoa taarifa zinazoweza kufanyiwa kazi.

Wanaingiaje?

Wadudu wengi wanaoharibu misitu mbali na kwao hawakuruka kuvuka bahari. Walibebwa. Mashine, vigae na vipuri husafirishwa vikiwa vimefungwa kwenye makreti na paleti za mbao, na mbao mbichi isiyotibiwa inaweza kuficha mayai au mabuu kwa miezi. Ndiyo maana mwaka 2002 nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea zilikubaliana juu ya kanuni inayoitwa ISPM 15. Mbao za kufungashia mizigo ya kimataifa hupashwa joto hadi kiini chake kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, au hufukizwa dawa, kisha hupigwa mhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi za nchi ilikotoka na namna ilivyotibiwa. Yeyote aliyewahi kununua paleti kuukuu karibu na bandari ya Dar es Salaam au Mombasa ili atengeneze kitanda, kochi au banda la kuku anaweza kuutafuta mhuri huo pembeni mwa ubao.

Kanuni hiyo imesaidia sana, ila haikuziba kila tundu. Makontena ni mengi mno na wakaguzi wa bandarini hufungua sehemu ndogo tu. Mdudu akishapita geti, hakuna afisa anayemsubiri mtaani. Wataalamu wa wadudu wa misitu ni wachache katika nchi yoyote, na mmoja wao anaweza kuhudumia eneo ambalo hata kulizunguka kwa mwaka hawezi. Watu wanaopita chini ya miti kila siku ndio walio wengi.

Lakini kupita chini ya mti na kuona kinachoendelea ni mambo mawili. Mbawakawa huyu wa Asia alipogunduliwa Marekani kwa mara ya kwanza, mtaani Greenpoint huko Brooklyn mwaka 1996, mkazi aliyeona matundu kwenye miti alidhani kuna wahuni wanaoitoboa kwa keekee. Detroit, katika jimbo la Michigan, ilipata hasara kubwa zaidi kwa kuchelewa. Miti ya ashi, ambayo mbao zake ngumu hutengenezwa mipini na magongo ya mchezo wa besiboli, ilianza kukauka huko miaka ya 1990. Wengi walidhani ni ugonjwa wa miti uliokuwa ukijulikana. Mwaka 2002 ndipo ilipobainika kuwa muuaji ni mbawakawa mdogo wa kijani kinachong'aa, mwenye urefu wa sentimita moja hivi, kutoka Asia ya Mashariki. Wanasayansi waliosoma pete za miti iliyokufa walikuta kwamba alikuwa amefika tangu mwanzoni au katikati ya miaka ya 1990.

Kufikia hapo alikuwa amewahi. Watu walikuwa wamebeba kuni za ashi kwenda nazo kambini na kwenye nyumba za mapumziko, na vitalu vilikuwa vimeuza miche yenye mabuu. Mdudu huyo ameua makumi ya mamilioni ya miti Marekani na Kanada. Januari 2021 serikali ya shirikisho ya Marekani iliondoa karantini yake ya kitaifa dhidi yake, kwa kuwa haikuwa ikimzuia tena.

Mafunzo yenyewe

Katika majimbo kama Minnesota na Oregon, vyuo vikuu vya umma pamoja na idara za misitu na kilimo huendesha mafunzo ya hao wanaoitwa watambuzi wa kwanza. Wanaojiunga hawahitaji shahada ya biolojia. Wengi ni watu ambao tayari kazi au mapenzi yao yanawaweka karibu na miti: wafanyakazi wa hifadhi za miji, wapogoaji wa miti, wenye mashamba ya miti, wapenzi wa bustani. Sehemu ya mafunzo husomwa mtandaoni, kisha watu hukutana nje, chini ya miti yenyewe.

Somo la kwanza huwashangaza wengi, maana halimhusu mdudu. Linahusu mti. Mbawakawa wa kijani hushambulia ashi, kwa hiyo asiyeijua ashi atapoteza siku nzima akichunguza miti isiyohusika. Mwanafunzi hufundishwa kutazama jinsi matawi yanavyochipua mawili mawili yakielekeana na jinsi kila jani linavyoundwa na vijani vidogo kadhaa kwenye kikonyo kimoja. Akiumudu mti ukiwa mzima, ataweza kuona unapoanza kuumwa.

Somo la pili ni dalili. Mdudu mwenyewe huonekana nje kwa miezi michache tu, hasa ya kiangazi, lakini alama zake hukaa mwaka mzima. Mbawakawa mweusi wa Asia akitoka kwenye shina huacha tundu la mviringo mkamilifu ambalo penseli huingia bila shida. Chini yake, kwenye panda za matawi na juu ya mizizi, huonekana unga wa mbao uliotolewa na mabuu. Mbawakawa wa kijani huacha tundu dogo la milimita tatu au nne, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo, mfano wa herufi D. Chini ya gome, mabuu yake huchora njia za kupindapinda zinazokata mishipa ya chakula cha mti.

Tatizo ni kwamba mdudu huyu wa kijani mara nyingi huanzia juu, kwenye matawi ya kileleni ambako jicho la mtu halifiki. Hapo mwanafunzi hufundishwa kumtazama kigong'ota. Ndege huyo hubandua gome akitafuta mabuu, na shina huanza kuonyesha mabaka meupe. Mti wa ashi wenye mabaka ya aina hiyo, kilele kinachonyauka na machipukizi yanayoota kwa wingi chini ya shina unastahili kuchunguzwa mara moja.

Somo la tatu ni wale wanaofanana. Marekani ina mbawakawa wake wa asili, mweusi mwenye vipapasio virefu, anayekula misonobari iliyokwisha kufa au inayokaribia kufa. Huyo hana hatia. Tofauti yake na mgeni wa Asia ni kwamba yeye ana nukta moja nyeupe pale mbawa zinapoanzia, nyuma ya kichwa. Mwanafunzi akishaonyeshwa mara moja, hasahau. Hata hivyo walimu husisitiza kwamba mwenye shaka atume taarifa vilevile. Ripoti nyingi huwa za wadudu wa asili, na kazi ya kuzichuja ni ya wataalamu. Ripoti kumi za uongo usiokusudiwa ni bei ndogo kulinganisha na moja ya kweli iliyobaki mfukoni mwa mtu aliyeona haya kukosea.

Somo la nne ni jinsi ya kuripoti, na hapa ndipo mafunzo yanapomtenganisha mtu makini na mtu mwenye wasiwasi tu. Simu inayosema "kuna mdudu wa ajabu kwenye mti karibu na kanisa" haimsaidii afisa. Mtambuzi aliyefundishwa hupiga picha tatu: mti mzima, sehemu yenye dalili, na tundu au mdudu kwa karibu, akiweka sarafu au rula kando ili ukubwa uonekane. Huandika tarehe, aina ya mti na mahali hasa ulipo, akitumia ramani ya simu yake. Akimpata mdudu, humweka kwenye chupa yenye mfuniko na kumgandisha kwenye friza ili asiharibike kabla ya uchunguzi. Hakati mti, na habebi tawi kwenda nalo mjini, kwa sababu kufanya hivyo ni kumsafirisha adui kwa gari lake mwenyewe.

Taarifa hutumwa kwa simu maalumu au kwenye mifumo kama EDDMapS, iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Georgia mwaka 2005, ambapo mtaalamu huipitia na kuithibitisha kabla haijawekwa kwenye ramani. Taarifa ya kwamba mtu ameangalia na hakuona kitu nayo ina thamani, kwa kuwa inaonyesha mipaka ya eneo lililo salama.

Mabwawa ya kuogelea na nyigu wawindaji

Juhudi za aina hii zimezaa pia ubunifu. Mbawakawa wa Asia wanaporuka kiangazi, baadhi yao huanguka kwenye mabwawa ya kuogelea. Majimbo ya New Hampshire na Massachusetts yakawaomba wenye mabwawa kutazama vichujio vya maji wanapovisafisha, na kutuma picha za mbawakawa wakubwa wanaowakuta. Mwenye bwawa hufanya kazi ambayo angeifanya kwa vyovyote vile. Kinachoongezeka ni dakika chache za kutazama.

Connecticut iliwatumia nyigu. Kuna nyigu wa asili wa Amerika Kaskazini anayechimba viota kwenye mchanga mgumu, hasa kwenye viwanja vya besiboli. Jike huwinda mbawakawa wa jamii ileile ya yule wa kijani, humpooza na kumbeba hadi kiotoni awe chakula cha watoto wake. Ana jicho kali kuliko mtego wowote, na hana tabia ya kuwachoma watu. Watu wa kujitolea walifundishwa kukaa kando ya viwanja hivyo na nyavu ndogo, kumdaka nyigu anaporudi na windo, kulichukua windo na kumwachia mwindaji aende zake. Mwaka 2012, katika mji wa Prospect, ni uchunguzi huu wa nyigu uliotoa mbawakawa wa kijani wa kwanza kujulikana katika jimbo la Connecticut.

Kwa upande wa magharibi, jimbo la Oregon lilikuwa limeanza kuwafundisha watu wake wakati mdudu angali mbali. Juni 30, 2022, mtaalamu wa baiolojia wa Jiji la Portland alikuwa akiwasubiri watoto wake kwenye maegesho ya shule moja huko Forest Grove. Akaona miti ya ashi inayonyauka, akaisogelea, akakuta matundu ya herufi D. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mdudu huyo kuonekana katika pwani ya magharibi ya Marekani. Huyo alikuwa msomi wa fani hiyo, lakini hakumkuta kazini. Alimkuta kwenye maegesho, mahali ambapo mtu yeyote mwenye ujuzi wa siku moja angeweza kumwona.

Uingereza ilijifunza kwa uchungu wake. Mwaka 2012 ugonjwa wa ukungu unaoua miti ya ashi ulithibitishwa nchini humo, kwanza kwenye kitalu kisha kwenye misitu ya mashariki, ambako ulikuwa umejikita kiasi cha kutoweza kung'olewa. Mwaka uliofuata ulianzishwa mpango wa Observatree, unaoziunganisha taasisi za serikali na mashirika ya hifadhi kama Woodland Trust. Takriban watu 200 wa kujitolea walifundishwa kwa kina, wakapewa orodha ya wadudu na magonjwa yanayohofiwa zaidi, na wakapangiwa kuchunguza miti ya maeneo yao kila mwaka. Idadi hiyo ni ndogo kwa makusudi. Wachache waliofundishwa vizuri na wanaopewa majibu hufanya kazi kuliko umati ulioalikwa semina moja na kusahauliwa.

Afrika nayo haikusalimika

Mwaka 2017, kwenye bustani ya mimea ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mtafiti aliyekuwa akiichunguza miti ya kigeni ili kuona inashambuliwa na nini alimkuta mbawakawa mweusi mwenye urefu wa milimita mbili hivi, kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Mdudu huyo hutoboa mti na kupanda ndani yake ukungu anaoula. Ukungu huo ndio unaoua. Baadaye ilibainika kwamba sampuli yake ilikuwa imekusanywa Durban tangu 2012. Leo amesambaa karibu nchi nzima, na sehemu ya ramani ya kuenea kwake imejengwa na picha za wananchi walioona miti ya mitaani kwao ikitoka madoa na unga.

Afrika Mashariki ina historia yake, na wenye umri wanaikumbuka. Mwaka 1986 kidukari anayefyonza misaipresi aligunduliwa Malawi. Kufikia Machi 1990 alikuwa ameonekana Kenya. Msaipresi, ambao wengi huuita mti wa Krismasi, ni mbao, ni ua wa nyumba, ni ada ya shule kwa maelfu ya familia za nyanda za juu. Vidukari walijikusanya kwa makundi kwenye matawi, matawi yakawa ya kahawia kuanzia ndani kwenda nje, na mashamba mazima yakakauka. Hawakuishia kwenye mti huo uliotoka Meksiko. Walivamia mitarakwa ya asili, na Malawi wakaushambulia mwerezi wa Mulanje, mti wa taifa wa nchi hiyo. Watafiti walilazimika kutafuta adui yake wa asili, nyigu mdogo anayetaga ndani ya kidukari, ambaye aliachiwa Malawi mwaka 1994. Kati ya kuonekana kwa mdudu na kuachiwa kwa nyigu ilipita miaka minane.

Mwaka 2002 ikawa zamu ya mikaratusi. Nyigu mdogo mno kutoka Australia, mwenye urefu wa zaidi kidogo ya milimita moja, alionekana magharibi mwa Kenya na Uganda, na mwaka 2005 akawa amefika Tanzania. Hutaga kwenye mishipa ya majani na vichipukizi, mti ukaota vinundu, ukadumaa na kupinda. Miche ndiyo inayoathirika zaidi, na miche ndiyo inayosafirishwa: hutoka kitalu cha wilaya moja kwenda shamba la wilaya nyingine juu ya pikipiki na pikapu. Mkulima anayejua kukigeuza kikonyo cha jani na kutafuta vinundu kabla hajalipa anaweza kulinda kijiji kizima.

Na kabla ya hao alikuja dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati mwenye ukoo na watoboa mbao, aliyegundulika Tabora karibu na mwanzo wa miaka ya 1980 baada ya wakulima kuona mahindi na makopa yao yakigeuka unga ghalani. Kutoka Tanzania alienea nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Waliomwona kwanza walikuwa wakulima.

Msingi upo tayari

Mtu anaweza kuuliza kama mpango wa Minnesota au Oregon unaweza kufanya kazi Mufindi, Lushoto, Kakamega au Kabale. Uzoefu wa karibu unasema ndiyo. Katika Wilaya ya Kilosa, Tanzania, miaka ya 2000, wanakijiji walifundishwa kutabiri milipuko ya viwavijeshi. Walipewa mtego wenye harufu inayowavuta nondo na kipimo cha mvua, wakahesabu nondo walionaswa, wakaangalia mvua, kisha wakatoa tahadhari kwa majirani kabla viwavi hawajatoka. Utabiri uliokuwa ukitoka kwenye kituo cha mbali ukawa unatoka kijijini. Kwa upande wa simu, programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na wabia wake, inamwezesha mkulima kutambua magonjwa ya muhogo na viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, kwa Kiswahili na hata pasipo mtandao. Misitu inastahili chombo cha namna hiyo.

Watu nao wapo. Tangu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, vijiji vingi vya Tanzania vina kamati za maliasili zinazofanya doria kwenye misitu ya vijiji. Kenya ina vyama vya misitu vya jamii vinavyoshirikiana na Shirika la Misitu. Wanaofanya doria hizo hutafuta visiki vipya, tanuri za mkaa na alama za misumeno. Wakifundishwa kutazama pia kilele kinachonyauka, unga kwenye gome na vinundu kwenye majani, doria ileile itakuwa na faida mara mbili. Waongezwe warina asali, ambao huujua kila mti wenye nyuki, waganga wa mitishamba, ambao hubandua magome na kuona kilicho chini yake, wenye vitalu, mafundi seremala, ambao hukutana na mabuu kwenye ubao kabla ya mtu mwingine yeyote, na klabu za mazingira za shule.

Kinachokosekana mara nyingi ni upande wa pili wa simu. Mtu wa kujitolea akituma taarifa mara mbili bila kujibiwa, hatatuma ya tatu. Ndiyo maana mipango inayofaulu huweka mtu maalumu wa kupokea, kujibu na kushukuru, hata pale mdudu anapokuwa wa kawaida. Lipo pia suala la hofu. Mwenye shamba anaweza kuogopa kwamba akisema, miti yake itakatwa na mbao zake zitazuiwa sokoni. Hofu hiyo haipaswi kubezwa. Wakazi wa Worcester walipoteza vivuli vyao baada ya taarifa kutolewa. Kilichowasaidia ni kupanda upya kwa pamoja: mwaka 2009 ulianzishwa mpango uliolenga kurudisha miti 30,000, safari hii ya aina mbalimbali, ili mdudu mmoja asiweze tena kumaliza mtaa. Serikali inayotaka wananchi waripoti lazima iwaambie mapema itafanya nini baada ya kuripoti, na nani atabeba gharama.

Taasisi za kubeba kazi hii zinajulikana. Tanzania ina Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, yenye makao Morogoro, na mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, mjini Arusha. Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa misitu, KEFRI, na ya afya ya mimea, KEPHIS. Tangu 2004 upo pia mtandao wa nchi za Afrika kuhusu viumbe vamizi wa misitu, FISNA. Kila moja kati ya taasisi hizo za kitaifa ichapishe, kwa Kiswahili chepesi na kwa picha kubwa, orodha fupi ya wadudu wanaotarajiwa kuingia, itenge namba moja ya simu inayopokea picha, na ianze kufundisha wilaya zenye mashamba makubwa ya miti na zile zilizo karibu na bandari na mipaka.

Msomaji naye ana la kufanya bila kusubiri semina. Chagua mti mmoja unaoujua karibu na nyumbani na uutazame kila mwezi, kuanzia kileleni hadi kwenye mizizi. Usihamishe kuni mbichi wala miche kutoka eneo ambalo miti yake inakauka bila sababu inayojulikana. Ukinunua paleti, tafuta mhuri. Ukiona tundu, unga, vinundu au mdudu ambaye wazee wa hapo hawamjui, piga picha tatu, andika tarehe na mahali, na umpelekee afisa misitu au afisa ugani wa eneo lako siku hiyohiyo. Asipojibu, mtumie mkubwa wake.